"Wananchi Wenye Hasira Kali": Uvumilivu ni Kazi ya Haki



Yako maneno ambayo magazeti yetu yameyazoea mno, nasi wasomaji tumeyazoea pamoja nayo: "wananchi wenye hasira kali". Twayasoma karibu katika kila habari ya mtu aliyeuawa mitaani kwa kutuhumiwa wizi. Habari hutaja mtaa, hutaja saa, hutaja kitu kilichoibwa, na pengine hutaja jina la marehemu. Wauaji peke yao ndio wasio na jina. Wao ni "wananchi", na walichokuwa nacho ni "hasira kali". Basi, habari imekwisha. Hakuna mtu aliyeua. Hasira ndiyo iliyoua.

Nathubutu kusema ya kuwa maneno hayo ni uongo, tena uongo unaoingia hadi kanisani. Mbele ya Mungu hakuna kiumbe kiitwacho wananchi wenye hasira kali. Yupo mtu mmoja aliyeokota jiwe. Yupo mwingine aliyekwenda kununua petroli. Yupo wa tatu aliyeviringisha tairi. Wapo ishirini waliosimama kutazama, na watano waliocheka. Kila mmoja wao ana jina, na wengi wao walipewa jina hilo kwenye kisima cha ubatizo. Katika sakramenti ya Kitubio haingii umati. Huingia mtu mmoja, akapiga magoti peke yake. Hali kadhalika siku ya hukumu.

Makala hii inahusu fadhila ya uvumilivu na kujitawala. Huenda baadhi yenu mkashangaa kuona Tume ya Haki na Amani ikishughulika na mambo ya moyoni, ambayo tumezoea kuyaachia mafungo ya Kwaresima. Hoja yangu ni hii: katika mji wetu, na hasa Kariakoo na mitaa inayoizunguka, kujitawala ni jambo la haki, la uhai na mauti ya jirani, na fadhila hiyo haishuki kama mvua siku ya jaribu, bali hujengwa kwa mazoezi kabla ya siku hiyo kufika.

Soko na moyo wa mtu

Mkaaji wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa Kariakoo ni mahali gani. Jina lake limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na hadi leo ni mahali pa watu wabebao mizigo. Jengo la soko kuu, lililosanifiwa na Mtanzania mwenzetu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilikusudiwa kuulisha mji. Lakini biashara ilifurika nje ya kuta zake, ikaijaza mitaa ya Kongo, Msimbazi, Swahili, Aggrey na mingine mingi. Mtu aingiaye humo asubuhi hukutana na jua, na jasho, na mikokoteni, na pikipiki zinazopenya kati ya waendao kwa miguu, na mteja anayebishana bei kwa nusu saa kisha akaondoka bila kununua.

Hayo ni madogo. Yako makubwa zaidi. Yuko mama lishe ambaye mtaji wake wote umefungwa kwenye pindo la khanga. Yuko kijana aliyekopa ili anunue robota la viatu vya mitumba. Wako waliopoteza mali yao usiku wa tarehe 10 Julai 2021, soko lilipoungua moto. Watu wa namna hiyo huishi karibu sana na ukingo wa shimo. Pakipigwa yowe la "Mwizi!", yowe hilo halimkuti mtu aliyetulia, humkuta mtu ambaye tangu alfajiri amekuwa akijaa kidogo kidogo, kama ndoo iliyowekwa chini ya bomba linalovuja. Kinachomwagika juu ya kichwa cha yule kijana aliyekamatwa si uchungu wa simu moja tu. Ni kodi ya chumba, ni deni, ni mgambo wa juzi, ni dharau ya jana. Kijana mmoja analipishwa madeni ya mji mzima. Ndiyo maana adhabu anayopewa hailingani na kosa lake hata kidogo.

Lakini tusiseme kwamba umati wa Kariakoo ni mnyama. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka hapo hapo sokoni, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Wananchi wa kawaida walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingia katika kifusi. Walichimbua kwa nyundo na kwa mikono mitupu wakiwatafuta watu wasiowajua, na makumi ya watu walitolewa hai. Mikono iliyofanya hivyo ni mikono ya mitaa ile ile. Umati basi hauna asili mbaya wala njema. Huenda huko anakoelekea mtu wa kwanza. Aliyeokota tofali siku ile ili amfunulie jirani apate pumzi, aliwavuta wengine nyuma yake. Na aokotaye tofali ili ampige jirani, huwavuta vile vile. Swali kwa Mkristo ni moja: siku hiyo nitakuwa wa kwanza kwa lipi?

Sheria inasemaje

Viongozi wa walei wanapaswa kuijua sheria, maana wataulizwa. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika Ibara ya 13, inakataza mtu kutendewa kama mwenye kosa la jinai kabla haijathibitika kwamba anayo hatia. Ibara ya 14 inalinda haki ya kuishi. Raia anaruhusiwa kumkamata mtu atendaye kosa mbele ya macho yake, lakini anapaswa kumkabidhi polisi bila kukawia. Ruhusa ya kumshika haikugeuka kamwe kuwa ruhusa ya kumpiga. Anayewasaidia wauaji au kuwachochea huhesabiwa pamoja nao katika kosa la mauaji. Tena, hata unyang'anyi wa kutumia silaha, ambao ni kosa zito, adhabu yake ya chini ni kifungo cha miaka 30, wala si kifo. Hakuna hakimu katika Tanzania awezaye kumhukumu mwizi wa simu afe. Sisi tunaifanya hukumu hiyo kwa dakika kumi, bila shahidi na bila rufani.

Na tusidhani ni jambo la nadra. Taarifa ambazo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu hutoa kila mwaka zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba watu wanaouawa na makundi ya raia nchini huhesabiwa kwa mamia kwa mwaka. Miongoni mwao hawakosekani wasio na hatia yoyote, kwa kuwa yowe halihitaji ushahidi. Yatosha mdaiwa kumpigia yowe mdai wake. Yatosha mgonjwa wa akili kugusa kitu kisicho chake.

Pingamizi la kwanza: "Polisi watamwachia"

Kila linapozungumzwa jambo hili katika Jumuiya, hujibiwa hivi: "Padre, ukimpeleka kituoni asubuhi, jioni utamkuta mtaani anakucheka." Pingamizi hili lisidharauliwe. Rushwa ipo, ucheleweshaji upo, na maskini ndiye anayeumia kwanza. Tume yetu haina budi kulisema hilo mbele ya wenye mamlaka bila kuogopa.

Lakini tuseme ukweli wote. Mtu aliyepewa dhamana hajaachiwa huru. Kesi yake bado ipo, na dhamana ni haki itakayokufaa wewe siku utakaposingiziwa. Kesi nyingine hufa si kwa hongo bali kwa kukosa mashahidi, maana walioona wamerudi kwenye biashara zao. Kuua ni kazi ya dakika kumi. Kutoa ushahidi ni kazi ya miezi. Ni lazima kwenda mahakamani, kuambiwa shauri limeahirishwa, kurudi, kuahirishiwa tena, kupoteza mauzo ya siku, na kurudi mara ya tatu. Hapo ndipo tunapoona uvumilivu ni kitu gani. Yule ashikaye jiwe anasema ameichukua sheria mkononi kwa sababu anaipenda haki. Mara nyingi ameichukua kwa sababu hawezi kuingojea. Anayeipenda haki kwa kweli ni yule mama aliyerudi mahakamani mara ya tatu.

Pingamizi la pili: "Uvumilivu ni neno la kuwanyamazisha wanyonge"

Pingamizi hili ni zito kuliko la kwanza. Ni kweli kwamba methali yetu, subira yavuta heri, imetumiwa mara nyingi na mwenye nguvu kumwambia asiye na nguvu akae kimya. Mwenye nyumba humhubiria subira mpangaji. Mwajiri humhubiria kibarua. Padre anayehubiri uvumilivu kwa maskini bila kuhubiri haki kwa tajiri amegawa Injili nusu. Papa Paulo VI, katika ujumbe wake wa Siku ya Amani Duniani ya mwaka 1972, aliifungamanisha amani na haki kwa fundo lisilofunguka, na sisi wa Tume hii tumezaliwa na fundo hilo.

Hata hivyo uvumilivu wa Kikristo si kukaa kimya. Mwezi Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo, wakilalamikia namna kodi zilivyokuwa zikikusanywa, waliyafunga maduka yao. Walipata hasara siku zile, kila mmoja mfukoni mwake. Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, akaja kuwasikiliza, na mkutano ukafanyika Mnazi Mmoja, wakasema malalamiko yao wazi mbele ya taifa. Mtu anaweza kukubaliana nao au kutokubaliana nao kuhusu kodi. Lakini jambo moja halipingiki: kufuli mlangoni lilisema kwa sauti kubwa kuliko jiwe. Hiyo ni hasira iliyojitawala. Iliweza kungoja, iliweza kupata hasara, na kwa sababu hiyo iliweza kusikilizwa.

Wengine hunikumbusha kwamba hata Bwana wetu alipindua meza za wafanya biashara hekaluni. Ndiyo, alizipindua. Lakini someni vizuri Injili ya Marko, sura ya 11. Jioni ile aliingia hekaluni, akatazama yote yaliyomo. Na kwa kuwa saa ilikuwa imekwenda, akatoka kwenda Bethania pamoja na wale Thenashara. Ni siku iliyofuata ndipo alipofukuza waliokuwa wakiuza na kununua. Ghadhabu yake ililala usiku mmoja. Haikumwua mtu, wala haikumpiga mnyonge. Iliwarudishia watu wote nyumba ya sala. Atakaye kumtumia Bwana kuwa kinga ya hasira yake, na kwanza ailaze hasira hiyo usiku mmoja.

Walimu wa kale

Hasira si kitu kipya, wala dawa yake si mpya. Kanisa limeihesabu miongoni mwa vilema vikuu saba, yaani mizizi ya dhambi nyingine.

John Cassian, mmonaki aliyeishi kati ya karne ya 4 na ya 5 na kuwapelekea Wakristo wa Magharibi mafundisho ya mababa wa jangwani, alionya juu ya kosa moja tunalolipenda. Tunadhani ya kuwa watu ndio watutiao hasira, na kwamba tungekaa mahali pa utulivu tungekuwa wapole. Cassian alieleza kuwa yeye mwenyewe, akiwa jangwani pasipo mtu, alijikuta akiikasirikia kalamu iliyo nene mno au nyembamba mno, na kisu kilichokataa kukata. Mwenye hasira akikosa ndugu wa kumkasirikia, hukasirikia vitu. Kwa hiyo msiseme, "Ni Kariakoo inayonifanya hivi." Kariakoo haikuleta hasira ndani yako, imeifunua tu. Na mahali panapofunua ugonjwa ndipo mahali panapofaa kwa matibabu.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino naye aliuweka uvumilivu chini ya fadhila ya nguvu, yaani ushujaa, na upole chini ya fadhila ya kiasi. Mpangilio huo una maana kubwa kwa vijana wetu wanaodhani mvumilivu ni mwoga. Kwa Tomaso, mvumilivu ni yule ambaye huzuni na maumivu havikuishinda akili yake. Tena, akimfuata Aristotle, anaifananisha hasira na mtumishi mwenye haraka, ambaye hutoka mbio kabla hajasikia maagizo yote ya bwana wake. Hasira husikia neno la kwanza la akili, "Umeonewa," nayo ikatoka mbio. Haikungojea neno la pili: "Nani amekuonea? Kwa kiasi gani? Na ni nani mwenye mamlaka ya kuadhibu?" Kazi yote ya kujitawala ni kumshika mtumishi huyo mkono mlangoni hadi maagizo yaishe.

Wa tatu ni Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Mwaka 1522, akiwa bado askari aliyeongoka karibuni, alisafiri na Mwislamu mmoja wakabishana juu ya Bikira Maria. Mwenzake akatangulia. Inyasi, moyo ukiwaka, akafikiri amfuate amchome kwa jambia kwa ajili ya heshima ya Mama Maria. Hakuweza kukata shauri. Akauachia nyumbu wake hatamu kwenye njia panda, na yule nyumbu, kwa rehema ya Mungu, akafuata njia nyingine. Kwa hiyo mtakatifu mkubwa alinusurika kuwa mwuaji kwa hisani ya mnyama. Kisa hicho kitufundishe mambo mawili sisi tuishio mji mmoja na ndugu Waislamu. Kwanza, hasira ivaayo joho la dini ni hasira ile ile. Na mji huu uliionja mwezi Oktoba 2012, mabishano ya watoto wawili kule Mbagala yalipozaa uvamizi wa makanisa. Pili, Inyasi hakuendelea kuwategemea nyumbu. Alitumia miaka iliyofuata kujifunza, na kuwafundisha wengine, jinsi ya kuichunguza roho kila siku, ili siku ya njia panda hatamu ziwe mkononi mwa mtu.

Ubatizo peke yake hautoshi

Hapa niseme neno gumu. Tusijifariji kwamba Mkristo hawezi kuingia katika umati. Mwaka 1994, katika nchi jirani ya Rwanda, wengi wa walioua na wengi wa waliouawa walikuwa wamebatizwa. Nyarubuye, parokia isiyo mbali na mpaka wetu, watu waliuawa kanisani walikokimbilia. Mto Kagera ulileta maiti hadi Ziwa Victoria, na wavuvi wa upande wetu waliziona. Wale hawakukosa katekisimu. Neema ya ubatizo ni mbegu, na mbegu isipopaliliwa husongwa. Mtume Paulo anapouandikia umati wa Wagalatia anautaja uvumilivu na kiasi miongoni mwa matunda ya Roho. Na kila mkulima anajua kuwa tunda halitokei siku linapohitajika.

Mazoezi ya mtu wa sokoni

Basi tufanye nini? Napendekeza mambo ambayo hayahitaji nyumba ya mafungo wala nauli.

Asubuhi, kabla ya kufungua fremu au kutandika bidhaa, simama kitambo mbele ya Mungu ukajiulize: leo nitajaribiwa wapi? Kwa mteja gani, kwa jirani gani, saa ngapi? Jaribu lililotajwa kwa jina asubuhi hupungua nguvu mchana.

Mchana, uonapo hasira imekuponyoka hata kwa neno dogo, weka mkono kifuani ukatubu. Inyasi alilisifu zoezi hili kwa sababu linaweza kufanyika katikati ya watu wengi bila mtu kutambua. Hakuna zoezi linalofaa Kariakoo kuliko hilo.

Jioni, chukua daftari lile lile la mauzo. Nyuma yake chora mstari kwa kila siku, utie nukta moja kwa kila mara uliposhindwa. Linganisha jana na leo, wiki iliyopita na hii. Mfanyabiashara asiyepiga hesabu hufilisika pasipo kujua. Na roho ni hivyo hivyo.

Ijumaa, na katika Kwaresima, tufunge kweli. Tumbo linaposema "sasa", nasi tukalijibu "bado", mwili unajifunza kwamba haja si amri. Mtu ambaye hajawahi kuliambia tumbo lake "bado" atawezaje kuuambia mkono wake "bado", mkono ukiwa tayari umeshika jiwe? Majirani zetu Waislamu hufunga mwezi mzima wa Ramadhani katika jua lile lile na kazi ile ile. Neno tulitumialo sote, subira, ni la kwao na letu pia. Hapa tunaweza kujifunza kwao bila aibu.

Mwisho, Kitubio. Muungamishi asisikie tu "nimekasirika". Tuseme hasira ilifanya nini: nilimpiga nani, nilimwitia nani mwizi, nilisimama nikatazama nini. Na aliyewahi kushiriki damu ya mtu asikate tamaa wala asijifiche katika umati. Mlango uko wazi, ila huingia mtu mmoja mmoja, naye hataepuka wajibu wa kufidia kadiri awezavyo.

Kazi ya Jumuiya

Maaskofu wa AMECEA walipoazimia mwaka 1976 kuzijenga Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, walitaka Kanisa liwe karibu na mlango wa kila nyumba. Mlangoni hapo ndipo yowe linaposikika. Kwa hiyo naziomba Jumuiya zote za parokia za katikati ya mji, pamoja na WAWATA, vijana na Halmashauri za Walei, wakubaliane mambo manne kabla ya tukio.

Kwanza, yowe likipigwa, nani atasimama kati ya mtuhumiwa na watu? Asiwe mmoja, wawe watatu au wanne wanaoheshimika, na ikiwezekana wawemo Waislamu. Pili, nani atapiga simu polisi, namba 112, na nani atamwita mjumbe? Mambo hayo yakiachwa hadi siku yenyewe hayatafanyika. Tatu, aliyeibiwa na aliyeshuhudia wasiachwe waende mahakamani peke yao. Jumuiya impeleke mtu mmoja kila siku ya shauri, na ikibidi imfidie mama lishe mauzo ya siku hiyo. Mchango huo ni sadaka kama sadaka nyingine. Nne, familia ya kijana aliyeuawa itembelewe, na marehemu aombewe kwa jina lake. Mama wa mwizi hulia kama mama mwingine yeyote, isipokuwa yeye hulia bila matanga.

Najua kusimama kati ya umati na windo lake ni hatari, na simwagizi mtu yeyote ajitupe peke yake kwenye mawe. Ndiyo maana nasema tupange pamoja. Lakini tusidanganyike kwamba hakuna kiwezekanacho. Injili ya Yohane, sura ya 8, inatuonyesha umati uliokwisha kushika mawe, tena wenye kifungu cha sheria cha kuutetea. Bwana hakupiga kelele wala hakuwahubiria kwanza. Aliinama akaandika chini kwa kidole. Aliwapatia kile ambacho hasira haiwezi kukivumilia, yaani muda. Kisha kwa neno moja akamgeuza kila mtu ajitazame mwenyewe. Na Yohane anasema waliondoka mmoja mmoja, wakianzia wazee. Waliingia wakiwa umati, wakatoka wakiwa watu.

Angalieni ni nani walioanza kuondoka. Si vijana, ni wazee. Kwa hiyo nawageukia ninyi wazee wa soko, wenyeviti wa Jumuiya, wenye maduka, madereva wa siku nyingi, akina mama ambao kila kijana wa mtaa anawaita mama. Kijana mwenye jiwe anakutazameni ninyi kabla hajalirusha. Mkiliacha lenu lianguke, la kwake litaanguka. Kitabu cha Methali kinamweka anayeitawala roho yake juu ya yule atekaye mji, na mji wetu hauhitaji kutekwa. Unahitaji watu mia wa namna hiyo kati ya Gerezani na Jangwani, wanaojulikana kwa majina yao. Jumuiya ikutane juma hili, iandike majina ya kwanza manne.